Mafuta Mawili Ambayo Mwili Hauwezi Kujipikia

Hotuba kwa wahudumu wa afya wa vijiji, wapishi wa shule na akina mama wanaoanika mukene (dagaa wa ziwani), Masese, Jinja, Uganda

Wazee wetu, akina mama wa mwaloni, walimu, wapishi, na ninyi wahudumu wa afya wa vijiji, hamjambo.

Hapa mezani kuna vitu vinne. Kuna kaveera, yaani kifuko cha plastiki, ya mafuta ya alizeti, ile ya kupimiwa dukani na kufungwa fundo. Kuna kikombe cha karanga. Halafu kuna mafungu mawili ya mukene: moja linang'aa kama sarafu mpya, jingine limeingia rangi ya kutu. Nawaomba mpitishe mafungu hayo mkono kwa mkono, mnuse, mvunje samaki mmoja mmoja kwa vidole, kisha myarudishe mezani. Tutayarudia, maana hasara yetu kubwa iko hapo.

Mwili wa binadamu ni mpishi hodari wa mafuta. Upe posho (ugali wa mahindi) na matoke kupita kiasi, utageuza wanga kuwa mafuta na kuyaweka kiunoni bila kukuomba ruhusa. Mafuta mengi unayoyahitaji unaweza kujipikia. Yapo mawili tu yanayoushinda, na hayo ndiyo huitwa asidi za mafuta za lazima: asidi linoleiki, ya kundi la omega-6, na asidi alfa-linoleniki, ya kundi la omega-3.

Yanaushinda kwa sababu moja. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Katika baadhi ya minyororo, kaboni mbili jirani hushikana kwa mikono miwili badala ya mmoja; tuuite mshiko maradufu. Mwili wetu una vimeng'enya vya kuweka mshiko huo, lakini ukihesabu kutoka kichwani mwa mnyororo, vimeng'enya hivyo vinakomea kaboni ya 9. Kutoka hapo kwenda mkiani havifiki. Mimea inafika. Kwa hiyo mshiko ulioko kwenye kaboni ya 6 kutoka mkiani, au ya 3, lazima uje umeshawekwa na mmea, au na kiumbe aliyekula mmea. Namba 6 na 3 mnazoziona kwenye vibandiko vya chupa maana yake ni hiyo tu. Si daraja la ubora.

Hadi miaka ya 1920 wataalamu wengi waliona mafuta kuwa kuni tu za mwili. Mwaka 1929, George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata chembe. Vitamini zilizojulikana wakati huo waliwapa. Panya wakaota magamba kwenye ngozi, mikia ikapasuka na kufanya vidonda, wakadumaa, figo zikaharibika, wakafa mapema. Matone machache ya mafuta yenye asidi linoleiki kila siku yakawaponya. Kwa binadamu jambo hilo lilionekana wazi zaidi miaka ya 1970, pale wagonjwa waliolishwa kwa dripu isiyo na mafuta walipoanza kubabuka ngozi, kunyonyoka nywele, na vidonda vyao vikakataa kufunga.

Kisa cha omega-3 kinatuhusu zaidi sisi. Mwaka 1982 Ralph Holman na wenzake walieleza habari za binti wa miaka 6 aliyelishwa kwa mshipa kwa miezi kadhaa baada ya kujeruhiwa tumboni. Mafuta aliyopewa yalikuwa ya safflower, mmea wa ukoo mmoja na alizeti: omega-6 tele, omega-3 karibu hakuna. Ngozi yake haikuwa na tatizo la maana. Lakini akaanza kufa ganzi, miguu ikaishiwa nguvu, macho yakaona ukungu. Walipombadilishia wakampa mafuta ya soya, ambayo yana omega-3, dalili zikaondoka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameshiba mafuta, kaveera yake ya alizeti iko jikoni kila siku, na bado akapungukiwa.

Uganda nayo imo katika historia hii. Mwaka 1933 daktari aliyeitwa Loewenthal alieleza ugonjwa wa ngozi aliouona kwa wafungwa hapa Uganda: vipele vigumu kwenye vinyweleo vya mikono na mapaja, ngozi ikiparuza kama ya chura, pamoja na macho yaliyoathirika. Akahitimisha kwamba ni upungufu wa vitamini A. Miaka mingi baadaye, wagonjwa wa ngozi ya namna hiyo kule India walionekana kupata nafuu wakipewa mafuta yenye asidi linoleiki pamoja na vitamini B. Nalitaja hili kwa ajili ya wahudumu wa afya: ukimkuta mtoto ana ngozi kavu yenye magamba, usikimbilie kusema amekosa omega. Protini, zinki na vitamini A zikipungua huleta sura inayokaribiana sana na hiyo, na mara nyingi vyote hupungua pamoja. Mpime kwanza kwa utepe wa mkono, mwangalie miguu kama imevimba, mpeleke kituo cha afya. Mafuta jikoni yatafuata.

Kazi za asidi hizi nitazipitia upesi. Linoleiki ndiyo inayofunga ngozi isivujishe maji, na ndiyo malighafi ya asidi arakidoniki, ambayo mwili huitumia kutengeneza prostaglandini: vitu vinavyoamuru homa, maumivu, uvimbe, kuganda kwa damu na uchungu wa kuzaa. Aspirini hufanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwa hizo hizo prostaglandini. Waliogundua habari hizi, Bergström, Samuelsson na Vane, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1982. Alfa-linoleniki nayo hurefushwa kuwa EPA, kisha DHA, ambazo ni omega-3 za mnyororo mrefu zaidi. DHA imejaa kwenye ubongo na kwenye pazia la nyuma ya jicho, na mtoto huijaza kwa wingi tangu miezi mitatu ya mwisho tumboni hadi kama miaka miwili.

Hapa pana kikwazo. Omega-6 na omega-3 hurefushwa na vimeng'enya vile vile. Ni kama kinu kimoja cha kusaga kijijini: foleni ikijaa wenye mahindi, mwenye mtama atasubiri hadi jioni. Isitoshe, hata foleni ikiwa fupi, mwili wa mtu mzima hugeuza chini ya sehemu 10 kwa 100 ya alfa-linoleniki kuwa EPA, na kwa DHA mara nyingi haifiki hata 1 kwa 100. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hugeuza zaidi kidogo kuliko wanaume. Ndiyo maana samaki, ambaye DHA yake iko tayari, hana mbadala rahisi.

Sasa tufanye hesabu ya sahani. Kiwango cha chini kilichowekwa na wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni kwamba linoleiki ichangie asilimia 2.5 ya nishati ya siku, na alfa-linoleniki asilimia 0.5. Kwa mama anayekula kilokalori 2000 kwa siku, hiyo ni kama gramu 5.6 za ya kwanza na gramu 1.1 za ya pili. Mama mjamzito au anayenyonyesha aongeze miligramu 300 za EPA na DHA, na kati ya hizo DHA isipungue 200.

Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kama gramu 14. Cha alizeti kitakupa gramu 6 hadi 9 za linoleiki. Nasema 6 hadi 9 kwa sababu alizeti inayokomaa kwenye joto kali, kama la kaskazini mwetu, hutoa linoleiki pungufu kuliko ile ya nchi za baridi. Hata hivyo kijiko kimoja kimemaliza hesabu ya omega-6. Karanga gramu 30, konzi moja, zinakupa kama gramu 4.5. Simsim gramu 30, zaidi ya gramu 6. Wale wenzetu wa Acholi na Lango wanaopika kwa odi, ile karanga iliyosagwa pamoja na simsim, kwa omega-6 hawana shida yoyote.

Mafuta mengi ya bei nafuu madukani ni ya mawese yaliyosafishwa, mengine yakitoka Kalangala kwenye visiwa vya Ssese, mengine yakiingizwa kutoka nje. Kijiko chake kina linoleiki gramu 1.4 tu, na karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda. Si sumu, na kwa kazi fulani ni bora, nitaeleza. Lakini msidhani kila mafuta ya njano ni mamoja. Someni kibandiko, na kama ni ya kupimiwa hayana kibandiko, angalieni asubuhi ya baridi: mawese hufanya ukungu na kujikusanya chini, alizeti hubaki maji.

Tatizo lipo kwenye ile gramu 1.1 ya omega-3. Alizeti haina. Karanga hazina. Simsim ina chembe. Mawese yana chembe. Muhogo, matoke na viazi vitamu havina mafuta ya kutaja, na posho namba one, ule unga mweupe uliokobolewa, imeondolewa kiini cha mahindi ambamo mafuta mengi hukaa, yakaenda na pumba kwa nguruwe. Maharage yanashangaza kidogo: mafuta yake ni machache mno, lakini sehemu kubwa ya hayo machache ni alfa-linoleniki, hivyo gramu 100 za maharage makavu hutoa kama robo gramu. Sukuma wiki gramu 100 hutoa kati ya gramu 0.1 na 0.2. Soya ndiyo inayoinua mizani: gramu 50 za soya kavu hutoa zaidi ya gramu 0.6. Wapishi wa shule, hapo mna njia ya mimea iliyo wazi: maharage, sukuma, na unga wa soya kwenye uji. Ila soya isiingie kwenye uji ikiwa mbichi. Ina vizuizi vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Chemsheni punje kama nusu saa, mkaushe, mkaange hadi zinukie, ndipo msage.

Kuna chia pia, ambayo wakulima wetu wengi waliikimbilia kwa ajili ya soko la nje. Kijiko kimoja cha mezani, gramu 12, kina kama gramu 2 za alfa-linoleniki, yaani hesabu ya siku na chenji inabaki. Kama umeilima, usiuze yote. Iloweke kwanza, kwa sababu mbegu hiyo hunywa maji mengi na kuvimba. Mtoto akiimeza kavu inaweza kumkwama kooni. Na mkumbuke kwamba hiyo bado ni alfa-linoleniki. Kuifikisha kwenye DHA ni ile foleni ya kinuni.

Ndiyo tunafika kwa samaki. Sangara, yule mnayemwita mputa, minofu yake ina mafuta kidogo mno, kama asilimia 1 hivi. Mafuta yake yako tumboni na kichwani. Kwa hiyo viwanda vinapopeleka minofu ng'ambo na kutuachia vichwa na mgongo wazi, kwa upande huu mmoja hatukupunjwa sana: mchuzi wa kichwa cha sangara una mafuta kuliko ile nyama nyeupe iliyosafiri kwa ndege. Ngege, yaani sato, minofu yake ina DHA kama gramu 0.1 kwa gramu 100. Mukene huliwa mzima, kichwa, tumbo na mifupa, kwa hiyo mafuta yake yote na kalisi yake yote hubaki sahanini. Na ndiye wa bei ya chini kuliko wote. Lakini sehemu kubwa ya mukene wa nchi hii huishia kwenye chakula cha kuku. Omega-3 kidogo hurudi kupitia yai, sikatai, ila mmenunua mukene mara mbili.

Kwa nini anaishia kwa kuku? Akina mama, hapa ndipo nawaomba mshike tena yale mafungu mawili.

Kile kinachoifanya omega-3 iwe na faida ndicho kinachoiharibu. Kati ya mishiko maradufu miwili kuna mahali palipo dhaifu, na hewa hushambulia papo hapo. Asidi ya oleiki ina mshiko mmoja na huchacha polepole. Linoleiki, yenye miwili, huchacha kwa kasi ya mara 10 na zaidi. Alfa-linoleniki, yenye mitatu, mara 20 na zaidi. DHA ina mishiko sita. Ongeza jua, joto na chuma chenye kutu, mwendo unazidi. Fungu lile la rangi ya kutu si kwamba limechafuka kwa udongo. Ni mafuta yake yaliyochacha. Linanuka kama rangi ya kupaka ukuta, na ukilitafuna linakwaruza koo. Protini yake bado ipo kwa kiasi, ndiyo maana kuku anafaidika, lakini DHA uliyoifuata imekwisha.

Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na akifika mwaloni alfajiri saa zake zinahesabika. Akimwagwa mchangani, maji yake hayana pa kwenda: upande wa juu unaungua na jua, wa chini unabaki na unyevu na kuoza, na siku ya pili yuko hapo hapo. Mchanga nao unaingia, na mnunuzi atakwenda kuuosha kwa maji ya moto, tutaona hasara ya hilo. Kwenye kichanja cha nyavu kilichoinuliwa hadi kiunoni, upepo unapita juu na chini. Osha kwa maji safi, acha yachuruzike, tandaza kwa unene wa samaki mmoja, asilaliane na mwenzake. Uso ukishakauka mgeuze, kisha mgeuze tena kila baada ya saa moja au mbili. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha. Ukimkunja akavunjika kwa mlio, ameiva; akipinda kama utepe, bado.

Kosa linalofanywa hata na wanaoanika vizuri ni kufunga gunia samaki akiwa na joto la jua. Joto hilo hutoa jasho ndani ya gunia, asubuhi unakuta ukungu wa kijani. Mwache apoe kivulini kwanza. Gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Weka mbao chini. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, turubai liwe jirani na kichanja, na shehena ambayo haitakauka ni afadhali ikaangwe au ikatiwa chumvi siku ile ile kuliko kusubiri jua la kesho. Chumvi itawazuia wadudu na vijidudu, lakini haizuii mafuta kuchacha; wakati mwingine huongeza kasi. Kwa hiyo mukene wa chumvi auzwe upesi, na asipewe mtoto mchanga.

Jikoni sasa. Mukene aliyekaushwa vizuri, mng'oe takataka, msuuze haraka kwa maji ya uvuguvugu, basi. Wengi humchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakachemsha tena, wakiondoa mchanga na harufu. Yale macho ya mafuta yanayoelea juu ya maji unayomwaga ndiyo dawa uliyoinunua. Kumkaanga ndani ya mafuta mengi ni hasara nyingine: mafuta yake hutoka, ya sufuria huingia, unakula mawese yenye sura ya mukene. Mpike kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, mtie karanga zilizosagwa dakika za mwisho, moto wa chini, na mchuzi uliwe wote. Sahani hiyo ina omega-6 ya karanga na omega-3 ya samaki pamoja, na bibi zetu waliipika bila kuhesabu gramu.

Karanga zenyewe zinataka macho. Zikishasagwa, hewa inazifikia kila upande, na zile za kusagwa sokoni asubuhi huwa zimepoteza ladha ifikapo wiki ya pili. Nunua punje nzima, toa zilizonyauka, zilizoota ukungu au kubadilika rangi, kwa sababu humo ndimo sumu ya aflatoksini inakaa na kupika hakuiondoi. Saga za siku chache tu.

Mtoto wa miezi sita na kuendelea anastahili sahani yake. Nishati kama nusu ya maziwa ya mama hutokana na mafuta. Ukimhamisha kutoka kwenye maziwa hayo kwenda kwenye uji mwepesi wa muhogo, umemshusha ghafla karibu na sifuri, na tumbo lake dogo haliwezi kufidia kwa wingi wa uji. Mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 24 hapunguziwi mafuta. Karibu theluthi moja ya nishati yake inapaswa kutoka humo. Mambo ya kupunguza mafuta mnayoyasikia redioni ni ya baba mwenye kitambi.

Kitobero, chakula cha mtoto cha kuchanganya, kile ambacho Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, kimekifundisha kwa miaka mingi, kinalijibu hili vizuri. Kwa mlo mmoja wa mtoto wa mwaka: matoke mawili yaliyomenywa, kijiko cha mezani cha karanga za unga, kijiko kimoja cha unga wa mukene, konzi ndogo ya dodo (mchicha) iliyokatwa. Changanya na maji kidogo, funga kwenye jani la mgomba, pika kwa mvuke hadi kila kitu kilainike, ponda. Unga wa mukene hutengenezwa hivi: chagua samaki wanaong'aa wasio na chumvi, ondoa mchanga, wapashe kwenye chungu kikavu kwa moto mdogo dakika chache tu mpaka wakatike kirahisi, twanga, chekecha kwa chujio la chai ili mifupa isibaki. Weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko unaobana, na andika tarehe. Tengeneza wa wiki mbili, usitengeneze wa muhula mzima. Mara ya kwanza mpe mtoto kijiko kidogo cha chai, uangalie kama ngozi au tumbo litalalamika, kwa sababu wachache hawapatani na samaki.

Na mama mwenyewe? DHA ya maziwa yake hufuata kile anachokula. Mama asiyeonja samaki hunyonyesha maziwa yenye DHA kidogo, hata kama ni mengi. Kwa wajawazito, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 70, yalionyesha kwamba wanawake walioongezewa omega-3 walijifungua kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 11.9, dhidi ya 13.4 kwa wengine. Na kabla ya wiki ya 34 kwa asilimia 2.7 dhidi ya 4.6. Miiko inayomkataza mjamzito samaki bado ipo kwenye baadhi ya nyumba zetu. Wahudumu, msiishambulie mbele ya mama mkwe. Anzeni na unga ndani ya mchuzi.

Nilisema mawese yana kazi yake. Kazi hiyo ni kukaanga. Muuza chipsi au mandazi anayetumia alizeti kwenye karai moja kutwa nzima anaichosha mapema, kwa ile sababu ya mishiko maradufu. Mawese huvumilia zaidi. Joto la nyuzi 170 hadi 180 linatosha: kipande cha kiazi kikitumbukizwa kinachemka mara moja bila mafuta kutoa moshi. Mafuta yakitoa moshi, yakifanya povu lisilotulia, yakiwa mazito na meusi na kunata kwenye ukingo wa karai, yamekwisha, mwaga. Kuongeza mafuta mapya juu ya machakavu hakuyaokoi. Yale machakavu huyaambukiza mapya. Chuja makombo kila jioni. Karai lenye kutu nalo libadilishwe, kwa sababu chuma huchochea uharibifu. Mafuta ya alizeti au soya yatumie kwenye mboga, dakika za mwisho, na chupa isikae dirishani. Duka linaloanika chupa za mafuta juani kama mapambo, usinunue za mstari wa mbele.

Vidonge vya omega-3 nimeulizwa hata kabla sijasimama hapa, kwa hiyo nimalizie navyo. Vinauzwa kwenye teksi na mabasi kama dawa ya moyo, sukari, nguvu za kiume na mtihani wa darasa la saba. Majaribio mawili makubwa yaliyotangazwa mwaka 2018, VITAL na ASCEND, yaliwapa maelfu ya watu gramu 1 kwa siku kwa miaka kadhaa, na hayakuonyesha kwamba kidonge hicho kinapunguza kwa uhakika jumla ya matukio makubwa ya moyo na mishipa yaliyokuwa yakipimwa. Dozi kubwa zaidi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziguse bila daktari wake. Tena mafuta ya samaki ndani ya kidonge huchacha kama yalivyo mafuta mengine, na chupa iliyokaa juani kwenye kituo cha basi miezi mitatu hakuna anayeijua hali yake. Toboa kimoja unuse. Kikinuka kama lile fungu la kutu, umeshapata jibu.

Vichanja viko nyuma ya banda, na shehena ya asubuhi imetandazwa tangu saa moja. Twendeni tukaigeuze, maswali tutayajibu huko huko tukifanya kazi.